Mjomba Asiyembeba Mtoto

Lushoto, 3 Julai 2024

Wifi yangu mpendwa Beatha,

Shikamoo. Ni mimi Anitha, mke wa Fanueli. Mke wa Fanueli! Nisamehe, tangu tufunge ndoa mwezi wa tano sijachoka kuyaandika maneno hayo. Juzi nikiwa kazini nimeyaandika nyuma ya lebo ya jamu nikaibandika kwenye chupa, na sijui ni mtalii gani aliyeondoka nayo.

Nimejaribu kukupigia lakini simu yako inanikataa, kwa hiyo barua hii nampa Hezekia, dereva wa Fuso la kabichi anayeshuka Muheza na Tanga. Jibu pia unaweza kumpa yeye.

Fanueli amenipigia kusema amefika salama, tena amekukuta nyumbani. Tulidhani uko Tanga kwa mama mkwe wako ukingoja kujifungua. Ndiyo maana alichagua kuja kukaa kwenye banda la marehemu baba yenu hapo uani kwako. Ametoka Dar, amechoka, anahitaji wiki tatu za kupumzika mahali penye joto. Julai ya huku unaijua, ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi.

Ninakuomba jambo moja tu, wifi. Katika hali yako hiyo usijichoshe kumhudumia. Mwache ale peke yake, aoshe sahani yake, alale bandani. Wala usikae naye muda mrefu mkipiga hadithi. Anapenda utulivu.

Mimi huku nyumba imekuwa kubwa ghafla. Wenzake wa matarumbeta walikuwa wanafanya mazoezi jana nyuma ya kanisa, nikasikia kabisa pengo la tarumbeta yake, nikasimama na mwiko mkononi mpaka maharage yakaungua. Ahsante kwa kunilelea mume mzuri namna hii.

Wifi yako akupendaye,
Anitha


Muheza, 6 Julai 2024

Anitha,

Marahaba. Simu yangu haikukatai kwa bahati mbaya. Namba yako nimeifungia mwenyewe. Ukiwa na la kusema, andika, angalau karatasi naweza kuiwekea moto.

Mimi si wifi yako mpendwa. Wifi mpendwa haachwi sokoni Soni na tumbo la miezi saba, gari la harusi likampita limejaa shangazi zako wanapiga vigelegele. Nilipanda bodaboda mpaka kanisani. Nilipofika mlikuwa mmeshavishana pete, na kwenye ukumbi nikakalishwa na wapishi. Hukumbuki, maana ulikuwa unamtazama bwana harusi kama mtoto aliyeona keki.

Eti ahsante kwa kukulelea mume. Sikukulelea wewe. Mama alipokufa Fanueli hata kutembea alikuwa hajui, mimi niko kidato cha pili, nikaacha shule nikambeba mgongoni. Leo unaniandikia namna ya kumlisha ndugu yangu, utadhani nafuga sungura wako.

Sasa nijibu. Umemfanya nini? Hataki kukaa mkeka mmoja na mimi. Nikimpelekea ugali wa bada na samaki anasema, "Weka hapo dada, nitachukua." Sahani anaosha mwenyewe, kwa maji yake, pembeni. Nikisogea anasogea. Fanueli huyuhuyu ambaye mpaka ana ndevu alikuwa ananilalia begani nikimkuna kichwa!

Na kwa taarifa yako, nimejifungua. Uchungu ulinikuta mapema, tarehe kumi na sita Juni, hapahapa Muheza. Sikumwambia mtu, na hata kwenu Irente mnajua kwamba mtoto hatangazwi kwenye simu kabla hajatolewa nje. Ni msichana. Nimempa jina la mama, Sesilia. Nilimpeleka mwenyewe mpaka mlango wa banda, nikamwambia Fanueli, "Mama yako huyu, mpokee." Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akasema, "Dada, hapohapo, usisogee."

Usisogee! Mimi!

Mwanamume wa miezi miwili ya ndoa hafukuzwi kitandani bure. Ama umempa limbwata likamzidi nguvu, ama umempa ugonjwa ukamtupa kwangu. Sema ni lipi.

Beatha


Lushoto, 8 Julai 2024

Wifi Beatha,

Shikamoo. Hongera! Hongera sana! Hezekia alinikabidhi barua yako barabarani, nikafika pale uliposema ni msichana, nikapiga kigelegele peke yangu, watu wa kituo cha mabasi wakageuka. Sesilia! Jina zuri hilo.

Halafu nikasoma tena, nikakaa kwenye benchi la kituo. Fanueli hakuniambia kuwa kuna mtoto. Kila jioni ananipigia, anasema, "Dada hajambo, huku joto, nakula vizuri." Hakuniambia, wifi. Mimi nilijua uko na tumbo tu, na hilo tu lilikuwa linaninyima usingizi.

Sina limbwata, sijui hata linauzwa wapi. Na Fanueli hana ugonjwa wa kuambukiza. Naapa mbele za Mungu. Ila nakusihi, tena nakupigia magoti kwenye karatasi hii, usimlazimishe kumshika Sesilia. Usimlaze mtoto bandani hata kidogo. Na wewe unayenyonyesha usikae naye karibu. Muda ukipita atambeba mpaka umnyang'anye, utaona. Si chuki. Ni upendo mkubwa kuliko unavyoweza kufikiri.

Kuhusu gari la harusi sikujua, nakuapia sikujua. Siku ile sikuona kitu kingine chochote zaidi ya shingo ya Fanueli ikitoka jasho kwenye kola nyeupe, nikawa namwombea isimbane.

Mkumbatie Sesilia kwa niaba yangu.

Anitha


Muheza, 10 Julai 2024

Anitha,

Naandika kwenye goti huku nanyonyesha, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Yaani wewe, uliyeijua familia hii juzi, unanipangia nani amshike mwanangu? Kila sentensi yako "usi". Usimlaze, usikae, usimlazimishe. Halafu unaita upendo. Upendo wa kumtenga mtu na damu yake naufahamu, kuna wanawake wameujengea nyumba nzima. Lakini wengi wao husubiri angalau mwaka.

Sasa sikiliza. Jumapili hii tarehe kumi na nne tunamtoa Sesilia nje na kumbatiza siku hiyohiyo. Kwa ukoo wetu anayemtoa mtoto mlangoni ni mjomba. Anampokea kwa mama, anamweka kifuani, anatembea naye mpaka kanisani, anakaa naye ibada yote, na yeye ndiye anayempeleka kwa mchungaji. Mjomba wa Sesilia ni mmoja tu, Fanueli. Baba mdogo Yonathani anashuka kutoka Soni na wazee wengine wawili. Nimeshamweleza mambo yako. Alicheka kwenye simu mpaka akakohoa, akasema, "Mwache huyo kijana, nikifika mimi atambeba mtoto na mama wa mtoto juu." Lakini hakuwa anatania, namjua. Ameniambia pia kwamba Fanueli akikataa mbele ya wazee, basi amejitoa. Hana dada, hana mpwa, na hata lile banda la baba afungashe aondoke.

Nilimweleza Fanueli hayo jana. Alikaa kwenye kinu, akajishika shingo, machozi yakamtoka. Sijamwona akilia tangu akiwa darasa la nne. Nikamuuliza, "Ni mkeo?" Akajifuta uso kwa kola. Nikamuuliza tena. Akasema, "Anitha hana kosa."

Mwanamume akisema mkewe hana kosa huku analia, mimi jibu nimeshalipata.

Beatha


Muheza, 11 Julai 2024

Mke wangu, Anitha wangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukuta wa banda ni wa fito na dada yuko uani kutwa anaanika mdalasini.

Nisamehe kwa kukuficha habari za mtoto. Nilipofika nikamsikia akilia ndani, nikataka kugeuka palepale. Niende wapi? Kwetu siwezi kurudi, na wewe una mtoto wetu tumboni. Gesti sina uwezo nayo. Nikasema nitakaa mbali, wiki tatu zitapita.

Najua unataka kumwambia dada. Nakukumbusha ulivyoniahidi. Wewe hukuwepo, na mimi nilikuwa mdogo, lakini nimekua nikisikia kila mwaka: mama aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake, amebeba kikapu chake, kwa ajili ya rovu tu, ule uvimbe wa shingo, wakampasua, akatoka amefunikwa shuka. Dada ndiye aliyekuwa anamsubiri nje. Aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayeguswa shingo na daktari. Akijua kwamba nami nilikuwa na rovu hili ndani ya kola, na kwamba nimemeza dawa ya mionzi bila kumwambia, hatanielewa. Atahesabu kuwa ameshanizika.

Jumapili nitasimama mbele ya wazee nikatae. Wanifukuze. Mtoto atakuwa salama na dada hatajua. Usimwambie chochote.

Moyo haukimbii tena kama zamani. Jana nimelala usiku mzima bila kuusikia masikioni.

Wako,
Fanueli


Lushoto, 12 Julai 2024

Beatha,

Shikamoo. Leo sitakuita mpendwa, kwa sababu hunitaki niwe hivyo na mimi nimechoka kupiga hodi. Barua hii nimemwapisha Hezekia aiweke mkononi mwako kesho Jumamosi, si kwa mtu mwingine. Isome yote ndipo uichome.

Nilimwahidi Fanueli kuwa sitakuambia. Ni ahadi ya kwanza aliyoniomba tangu tuoane, na ninaivunja. Ninaumia kuivunja. Lakini wewe umemfikisha mahali ambapo lazima apoteze dada au amdhuru mtoto, na yeye ameshachagua kumpoteza dada. Ninyi wawili mnafanana, mnakaa kimya mpaka nyumba inaungua.

Fanueli alikuwa na rovu. Si lile la kukosa chumvi yenye madini joto tulilofundishwa shuleni. Lake lilikuwa linafanya kazi kupita kiasi, linauendesha moyo kama injini iliyokwama kwenye mwendo wa juu. Wewe uliona amekonda ukasema mapenzi. Tarumbeta ilikuwa inamshinda katikati ya wimbo. Usiku, naweka mkono kifuani kwake, mkono unaruka. Daktari alisema moyo ukiendelea hivyo unaweza kusimama, au damu ikaganda ikampiga kiharusi. Ana miaka ishirini na saba.

Alipewa kwanza vidonge vya kila siku. Vilimsaidia, halafu akapata homa na koo, na vipimo vikaonyesha vidonge vinashusha chembe za damu zinazopigana na magonjwa. Wakavisimamisha haraka. Wakasema basi apasuliwe. Akakataa, na wewe unajua kwa nini kuliko mimi. Ikabaki njia ya tatu. Unameza kidonge kimoja chenye madini joto yaliyotiwa mionzi. Kinakwenda kwenye tezi ya shingo na kuichoma kwa ndani, bila kisu. Alikimeza Dar tarehe ishirini na nane Juni.

Sikufichi ubaya wake. Tezi inaweza kuchomwa ikazidi, akaishia kunywa kidonge kingine maisha yake yote. Daktari alituambia hivyo wazi, na tuliamua wawili, tumeshikana mikono. Na kwa wiki tatu mionzi inatoka mwilini mwake, kwenye mate, jasho na mkojo. Mtu mzima akipita karibu hapati kitu. Lakini mtoto mchanga tezi yake ni ndogo na inanyonya haraka. Akimwona mlangoni hakuna neno. Kumlaza kifuani ibada nzima ndiko tulikokatazwa, na vilevile kukaa karibu na mwenye mimba. Mwenye mimba ni mimi. Sijamwambia hata mama yangu. Ndiyo maana mume wangu yuko bandani kwako, na mimi nalala nimekumbatia koti lake la matarumbeta.

Kwa hiyo aliporudi nyuma akagonga ukuta, alikuwa anamlinda Sesilia. Na wewe ukamwita mwendawazimu wa limbwata.

Umenitukana na nimeandika "shikamoo" kila mara. Sijutii shikamoo, wewe ni mkubwa. Lakini sikiliza na mimi: kama Jumapili utamwekea Fanueli mtoto kifuani ukijua haya, basi hutaniona kwako mpaka kufa, na mtoto wangu hatajua kama baba yake ana dada.

Anitha


Muheza, 16 Julai 2024

Anitha,

Marahaba.

Hezekia alinikuta Jumamosi natwanga mpunga wa sherehe. Nimesoma barua yako mara ya kwanza nimesimama. Mara ya pili nilikwenda kukaa chooni, maana hakuna pengine penye mlango wa kufunga.

Sikuamini. Nikasema huyu msichana aliyeishia kidato cha nne ametunga, ana maneno mengi. Nikaenda kwa nesi mmoja ninayemuuzia iliki, nikamuuliza bila kutaja mtu. Akasema ni kweli, ipo, watu wanapona nayo, na ni kweli mtoto asishikwe. Nikarudi nyumbani nikimchukia daktari, nikikuchukia wewe, nikimchukia na nesi.

Ungeniuliza mimi ningekataa. Ningelala mlangoni asiende. Labda leo moyo wake ungekuwa umesimama na mimi niko juu ya kaburi najisifu kwamba hakuguswa. Hilo nimelifikiria, na sina la kulifanya. Lakini usinitarajie niwapende hao watu wenye makoti meupe. Wanapona wengi, ndiyo. Mama hakuwa hao wengi.

Sasa Jumapili. Wazee walikuja asubuhi, baba mdogo Yonathani amevaa kofia yake ya sikukuu. Fanueli akatoka bandani, uso wa majivu. Niliona midomo yake inajiandaa kusema "sitambeba". Nikamuwahi. Nilimkumbatia Sesilia nikasimama mlangoni nikapiga kelele mpaka majirani wakaacha vijiko: "Huyu hamshiki mwanangu! Si leo! Mkewe aliniacha Soni kwenye vumbi na tumbo langu, na mpaka mwanamke huyo aje hapa aniombe radhi, Fanueli asikanyage karibu ya mtoto huyu!"

Baba mdogo akasema, "Beatha, umerukwa na akili? Jana ulisema lazima ambebe." Nikamwambia, "Jana ilikuwa jana." Akasema mimi ni mwanamke mkorofi, nikasema ndiyo. Akasema marehemu baba angenichapa, nikasema angechapa. Wazee walinigombeza mpaka kengele ya kanisa ikalia. Mtoto alibebwa na mume wangu Alen, jambo ambalo kwa ukoo wetu halijapata kutokea, na sasa Soni yote inajua kuwa Beatha wa Muheza ana kichaa cha wivu. Hakuna aliyemuuliza Fanueli neno. Walikuwa wanampa pole!

Yeye alisimama mbali akinitazama kama mtu ambaye nimempiga kofi na kumvua mzigo kwa wakati mmoja. Hajui kuwa najua. Asijue. Nitaendelea kumfokea kutwa asogee kule, na yeye atasogea, na sote wawili tutakuwa na sababu. Mkekani sitamwita. Chakula nakiweka juu ya kinu.

Lakini matusi yangu yana mwisho wake na wewe ndiwe mwisho huo. Nimeshasema mbele ya wazee kwamba mpaka uje uombe radhi. Kwa hiyo utakuja. Daktari kasema wiki tatu, mimi naongeza moja yangu. Jumamosi tarehe ishirini na saba. Utapiga magoti uani, mbele ya baba mdogo, kwa jambo la gari ambalo unasema hukulijua. Haki au si haki, hiyo ndiyo bei ya kufungua mlango nilioufunga. Ukija na kiburi, naapa nitakuacha magotini mpaka jioni.

Na ukiwa na tumbo hilo usipande Fuso la kabichi. Panda basi, kaa mbele.

Beatha


Lushoto, 18 Julai 2024

Wifi Beatha,

Shikamoo.

Nitakuja. Nimesoma barua yako nikalia na kucheka pamoja, mama yangu, aliyekuja kunitembelea, akatoka jikoni akauliza kama nina malaria.

Sijui kama nakupenda. Bado nimekasirika. Umesema mbele ya watu wote kwamba mimi nilikuacha vumbini, na mwezi ujao nikienda sokoni Soni wanawake wa karoti watanitazama kwa jicho la pembeni. Nitalibeba. Mlango wako uliufunga kumlinda mtoto, na mimi kuufungua kunanigharimu sifa yangu tu.

Fanueli alinipigia jana akasema, "Dada ananichukia kabisa, hata hanitazami." Sauti yake ilikuwa imevunjika. Nilijing'ata mdomo nisimwambie. Hii ni siri ya pili nakaa nayo katika ndoa ya miezi miwili, na zote mbili ni zenu. Wiki ijayo anapimwa damu. Kama tezi imelala mno tutaanza kidonge cha kila siku, mimi nitamkumbusha kila asubuhi, na sitaogopa.

Jumamosi ya tarehe ishirini na saba nitapiga magoti uani kama ulivyotaka. Nitaomba radhi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Wewe nitukane kidogo ili wazee waamini, usizidishe, mimba inanitia kichefuchefu nikikasirika. Halafu sema umenisamehe, hata kama ni uongo. Halafu usimtazame baba mdogo wala mimi. Nenda moja kwa moja alipo mume wangu, umpe mtoto.

Anitha, mke wa Fanueli